SOMO LA MWEZI: BARAZA LA PARISHI NI NINI, NA LINATUHUSU NINI SISI WAKIMBIZI?

Masomo: Kutoka 18:13-27, Matendo 25:6-12, 1 Wakorintho 6:1-8



Mwezi huu tunaacha kidogo masomo yetu ya kawaida. Sababu ni moja: nimeona watu wa kanisa wanapata hasara kwa kutojua. Mtu anakodi shamba kwa mwenyeji, ugomvi unatokea, na hajui aende wapi. Anakwenda kwa polisi, anaambiwa si kazi yetu. Anakwenda kwa mwenyekiti wa wakimbizi, naye anasema yule mtu si mkimbizi, sina nguvu juu yake. Mwishoni mtu anakaa nyumbani na uchungu wake, au anachukua panga. Yote mawili ni mabaya. Kwa hiyo someni pole pole, na anayejua kusoma amsomee jirani asiyejua.

JINA LINALOTUCHANGANYA

Sisi tuliotoka Kongo tukisikia "parishi" tunafikiri paroasi, yaani parokia, padri na kengele. Kumbe hapa Uganda parishi ni sehemu ya serikali. Jina lilikuja na Waingereza. Kwao, tangu zamani, parokia ya kanisa ndiyo iliyokuwa ikitunza maskini na barabara za kijiji, na wazee wa kanisa ndio waliokutana kuamua. Mwaka 1894 Bunge lao lilitoa sheria ya kutenganisha mambo hayo: kanisa likabaki na ibada, na wananchi wa vijijini wakapewa baraza lao la kuchagua wenyewe, hata asiyesali awe na sauti. Jina la parishi likabaki, ila kazi ikawa ya raia wote. Katika Uganda Waingereza walikuta tayari Buganda ina ngazi zake, saza, gombolola na muluka, wakazitumia. Muluka ndiyo inayoitwa parishi leo. Ukisikia mzee anasema muluka na kijana anasema parishi, wanazungumza kitu kimoja.

Lakini muluka wa zamani ulikuwa na chifu aliyewekwa kutoka juu, kama vile kwetu chifu wa groupement au wa lokalite asivyochaguliwa na watu. Baraza la kuchaguliwa lilikuja baadaye. Wakati wa vita vya msituni, miaka ya 1981 hadi 1986, wapiganaji wa NRA walianza kamati za raia vijijini katika sehemu za Luwero. Waliposhika serikali mwaka 1986 walizieneza nchi nzima, na sheria ya mwaka 1987 ikazithibitisha. Wakati ule ziliitwa RC. Baada ya Katiba ya 1995 ziliitwa LC, na sheria ya serikali za mitaa ya 1997 ndiyo inayoziongoza.

Ngazi ni tano. LC 1 ni kijiji. LC 2 ni parishi. LC 3 ni gombolola. LC 4 ni kaunti, na kwa mambo yetu mnaweza kuisahau. LC 5 ni wilaya. LC 3 na LC 5 ni serikali kamili: zina bajeti, zinatoza kodi, zinaajiri. Kijiji na parishi ni ngazi za utawala tu. Hazina hazina kubwa wala askari. Nguvu yao ni kwamba zinawajua watu kwa majina.

NANI ANAKAA KATIKA BARAZA HILO

Hapa wengi wanakosea. Wanadhani baraza la parishi ni wazee wachache waliokaa chini ya mwembe. Hapana. Katika kijiji, baraza ni wakaaji wote wenye miaka 18 na zaidi. Hao wanachagua kamati ya watu 10: mwenyekiti, makamu wake, ambaye ndiye pia anayeshughulikia mambo ya watoto, katibu mkuu, wa habari, elimu na uhamasishaji, wa usalama, wa fedha, wa uzalishaji na mazingira, na wakuu watatu wa vijana, wa wanawake na wa watu wenye ulemavu.

Basi chukueni kamati hizo za vijiji vyote vya parishi moja, ziweke pamoja: hilo ndilo baraza la parishi. Parishi yenye vijiji 8 ina baraza la watu 80. Hao 80 wanachagua mwenyekiti wa parishi, na pamoja naye inapatikana kamati ya parishi, nayo ni ya watu 10 wenye kazi zilezile. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida hapigi kura moja kwa moja kwa mwenyekiti wa LC 2. Anachagua wa kijiji, na wa kijiji wanachagua wa parishi.

Kura yenyewe ni ya kupanga mstari nyuma ya mtu unayemtaka. Walifanya hivyo Julai 2018, kijiji kwanza, na wiki moja baadaye parishi. Kabla ya hapo uchaguzi wa mwisho ulikuwa wa mwaka 2001! Miaka 17 watu walewale. Katikati, mwaka 2007, mahakama ya katiba ilisema kamati zile haziko tena halali kwa sababu nchi imeingia vyama vingi, lakini kwa kuwa hapakuwa na wengine watu waliendelea kuzitumia. Waliochaguliwa 2018 walipewa miaka 5. Ilipoisha mwaka 2023, muda wao uliongezwa. Ninawaeleza haya msishangae mkimkuta mwenyekiti anayejiona kama mwenye kijiji. Mtu akikaa sana kwenye kiti, kiti kinageuka kuwa chake. Na hata katika makanisa yetu tunayaona.

Msimchanganye mwenyekiti na chifu wa parishi. Chifu ni mfanyakazi wa serikali, anaajiriwa na wilaya, analipwa mshahara, anaweza kuhamishwa. Mwenyekiti amechaguliwa na halipwi mshahara. Chifu anashika vitabu, anahesabu nyumba, anakusanya kodi na kupeleka ripoti kwenye gombolola. Mwenyekiti anashika watu. Wakisikizana parishi inatembea, na wasiposikizana kila mtu anakuambia "nenda kwa yule."

KAZI YAKE

Sheria inataja kazi za kamati ya parishi, nami nitazisema kwa maneno yetu. Kuanzisha na kusaidia kazi za kujitolea, kama kufyeka barabara au kusafisha kisima. Kuwa njia ya habari kati ya serikali na watu, kwenda na kurudi. Kusaidia usalama. Kuwatolea ushuhuda vijana wanaotaka kuingia jeshi, polisi au magereza. Kutazama jinsi serikali inavyofanya kazi hapo chini na kuripoti uovu. Na hii ya mwisho iwekeeni alama: kufuatilia miradi ya serikali, ya wilaya na ya mashirika yanayofanya kazi katika parishi.

Hiyo ya mwisho inatugusa. Mnajua kuwa mashirika yanapoleta msaada hapa kuna utaratibu wa 70 kwa 30, yaani sehemu ya wenyeji ni 30 katika kila 100. Wengine wetu wananung'unika: kwa nini kisima cha wakimbizi kimechimbwa kwa wenyeji? Ndugu, hakikuibwa. Na viongozi wa LC wana haki ya kuuliza kisima hicho kitawekwa wapi, na fundi alifanya kazi au alikula pesa. Wakati mwingine wanauliza kwa faida yetu sote, kwa sababu maji hayajui nani ana kadi ya chakula.

Fedha? Kidogo sana. Kwa sheria, gombolola inabaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, na katika hayo asilimia 25 yarudi kwa vijiji na 5 kwa parishi. Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini kodi ya kichwa, iliyokuwa ndiyo kubwa vijijini, ilisimamishwa katika mwaka wa fedha wa 2005/2006, na asilimia 5 ya kitu kidogo ni kitu kidogo zaidi. Ndiyo maana utasikia mwenyekiti anaomba "pesa ya kalamu" kabla ya kuandika barua. Sisemi ni halali. Nasema mjue inatoka wapi, na mkilipa kitu mahali popote, ombeni risiti.

Tangu Februari 2022 jina la parishi limekuwa kubwa kwa sababu ya mpango wa maendeleo wa parishi, ule watu wanauita PDM, ambao serikali iliupangia shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka. Pesa hizo hazipitii mkononi mwa mwenyekiti wa LC 2. Zinapita katika ushirika wa akiba na mikopo wa parishi, na mwananchi anakopa hadi milioni moja. Ni za raia wenye kitambulisho cha taifa. Kuna watu wamezunguka katika vijiji vyetu wakiandika majina ya wakimbizi na kuchukua 5,000 kwa kila jina, wakiahidi PDM. Msiwape. Akija mtu wa namna hiyo, mpelekeni kwa kiongozi wa RWC kwanza.

SISI TUNAINGIA WAPI

Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa mengi ambayo nchi nyingine hazitoi: kutembea, kufanya kazi, kulindwa. Lakini inatukataza siasa ya nchi hii, ya juu au ya mtaani. Kwa hiyo hatupangi mstari kumchagua LC, wala hatuimbi katika kampeni za mtu, hata akiwa ni rafiki wa kanisa aliyetupa mabati.

Sisi tuna mabaraza yetu: RWC 1 ya kijiji, RWC 2 ya zoni, RWC 3 ya settlementi nzima. Yamekatwa kwa kitambaa kilekile cha LC, tunayachagua wenyewe, na yanafanya kazi chini ya kamanda wa settlementi wa ofisi ya waziri mkuu, OPM. Mkimbizi akigombana na mkimbizi kwa deni, kwa mbuzi aliyekula mahindi au kwa maneno ya nyumba, ni RWC. Ploti uliyopewa ndani ya settlementi ni ardhi ya serikali; umepewa kuitumia, hukupewa kuiuza. Mpaka wa ploti ukileta ugomvi, unakwenda RWC kisha kwa kamanda, sio LC. Na anayekuuzia ploti hapa anakuuzia hewa.

Lakini ukivuka mpaka, ukakodi shamba la mwenyeji, ukafanya kazi kwake, ukauza naye, hapo uko katika LC. Ndipo watu wetu wanapoogopa, wanadhani mkimbizi hawezi kumshitaki raia. Anaweza. Sheria hiyohiyo ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mbele ya mahakama za nchi.

KAMATI IKIGEUKA KUWA MAHAKAMA

Sheria ya mwaka 2006 ya mahakama za LC inasema kamati ya kijiji ni mahakama ya kijiji, na kamati ya parishi ni mahakama ya parishi. Wanasikiliza madeni, mikataba, kupigana kwa kawaida, kuharibiwa mali na kuingiliwa shamba, mpaka thamani ya shilingi milioni 2, pamoja na mambo ya desturi. Hakuna wakili anayesimama hapo. Unasema mwenyewe kwa lugha ya mahali, na kama hujui Kinyankore au Kinyoro, nenda na mtu wa kukutafsiria unayemwamini. Mwenyekiti hakai peke yake barazani. Wanatakiwa wafike watano, na kati yao wanawake. Mtu mwenye faida katika neno hilo, kwa mfano ndugu wa mshitakiwa, hafai kukaa. Wanaweza kupatanisha, kuamuru mtu alipe, arudishe, aombe radhi. Hawawezi kukufunga wala kukupiga viboko.

Sasa jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Kesi za kawaida zinaanzia LC 1. Kesi za ardhi yenyewe, ya nani na mpaka uko wapi, zinaanzia LC 2, kwenye parishi. Ni badiliko la sheria ya ardhi la mwaka 2004.

Tuseme mama mmoja wa kwetu amekodi nusu eka kwa mwenyeji kwa msimu mmoja. Amelima maharage, amepalilia. Maharage yakikaribia kukomaa, mwenye shamba anasema toka, nimepata mwingine. Hapa hakuna ugomvi wa nani mwenye ardhi; mama hadai ardhi, anadai mapatano yake na mazao yake. Anakwenda LC 1 ya kijiji cha yule mwenyeji, si cha kwake. Lakini tuseme anakuja mtu wa tatu anasema: shamba hili si la yule aliyekukodisha, ni la kwangu. Hapo neno limekuwa la ardhi, na hao wawili wanatakiwa wasikilizwe parishini. Mama anabaki shahidi, na pesa zake atazidai kwa aliyezipokea.

Atashinda? Itategemea karatasi. Mapatano ya mdomo ni mapatano, lakini mbele ya watu watano wasiokujua, neno la mgeni dhidi ya neno la mzaliwa ni jepesi. Kabla ya kutoa shilingi, andikeni: majina, ukubwa wa shamba na mipaka yake, bei, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kwamba mazao yaliyopandwa yatavunwa na aliyepanda. Mwenye shamba atie sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili, mmoja wake na mmoja wenu. Bora zaidi mwenyekiti wa LC 1 aweke muhuri, na kiongozi wa RWC naye ajue. Wengine watasema huko ni kumdharau mwenyeji wetu mwema. Abrahamu alipima fedha yake mbele ya watu wote langoni aliponunua shamba la kumzika Sara, naye alikuwa mgeni katika nchi ile. Someni Mwanzo 23. Hakuna aliyeona amedharauliwa.

Usiporidhika na hukumu ya kijiji unakata rufani parishini. Kutoka parishini kwenda gombolola. Kutoka huko kwa hakimu mkuu. Una siku 14, basi usikae ukilalamika kisimani hadi zipite. Omba hukumu kwa maandishi. Paulo alipoona hatatendewa haki alitaja haki yake kwa sauti, akapelekwa mbele zaidi. Hakumtukana Festo.

MAMBO AMBAYO BARAZA LOLOTE HALIWEZI

Hapa nasema bila kuzunguka. Msichana wa chini ya miaka 18 akiharibiwa, au mwanamke akibakwa, au mtu akiuawa, au nyumba ikichomwa, hilo si la LC 1, si la LC 2, si la RWC, na si la wazee wa kanisa. Ni la polisi na mahakama kubwa. Nimesikia za mbuzi wawili na magodoro, familia mbili zinakaa, mchungaji anaombea, mtoto anabaki na jeraha lake. Sheria haimpi mtu yeyote ruhusa ya kupatanisha hapo, na kanisa linaloombea mkataba wa namna hiyo linamsaidia mhalifu. Msimwogeshe mtoto, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, kisha polisi. Kiongozi wa RWC au LC kazi yake ni kuwasindikiza tu.

NDUGU KUMSHITAKI NDUGU

Wengine watauliza habari ya Wakorintho, kwamba waamini wasipelekane kwa mahakimu. Ni kweli, na wazee wetu wako tayari kusikiliza ugomvi wa sisi kwa sisi, wa deni la kikundi cha akiba au maneno ya kwaya. Ila Paulo alikuwa anakemea watu wanaodhulumiana na kuaibishana. Hakusema anayedhulumiwa anyamaze ili mwenye nguvu astarehe. Na mwenyeji tuliyekodi kwake hakuchagua kuwa chini ya wazee wetu. Baraza lake ni lile, tulitumie kwa adabu: fika mapema, vua kofia, subiri zamu, usiseme "nyinyi Waganda."

Warundi wanajua baraza la colline na wabashingantahe, Wanyarwanda wanawajua abunzi. Hao hawatapata taabu kuelewa somo hili. Sisi wa Kongo ndio tutakaochelewa kidogo, tumezoea chifu mmoja na neno moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBA

1. Yethro alimwambia Musa aweke wakuu wa makumi, hamsini, mia na elfu. Nani ni mkuu wa makumi katika kijiji chako, kwa upande wa RWC na kwa upande wa LC? Mtaje kwa jina. Kama hakuna anayemjua, nani atakwenda kumsalimu wiki hii?

2. Nani katika kikundi chenu amekodi shamba msimu huu bila karatasi? Nani anaweza kumwandikia kabla ya mvua?

3. Mwenyekiti anaomba 10,000 kabla ya kusikiliza kesi na hana risiti. Mtafanya nini, mkijua kwamba kesho mtamhitaji tena?

4. Mbuzi wa mkimbizi ameingia shamba la mwenyeji. Kesi ianzie wapi? (Majibu ya swali hili yaleteni kwa katibu wa kanisa Jumapili, baada ya ibada ya pili. Tutaalika viongozi wa RWC 2 na LC 2 waje watusikilize.)